Kipupwe na Watoto wa Sekondari: Shule na Nyumbani Tupashane Habari

Kipupwe huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huanza Juni na kwisha Agosti. Miezi hiyo hiyo mambo mengi ya shule za sekondari hukutana. Watoto hurudi shuleni baada ya likizo ya Juni. Kidato cha 5 huanza Julai. Vijana wa kidato cha 4 hukesha na vitabu, maana moko iko karibu na mtihani wa taifa huwa Novemba. Na nyumbani nako hakuna nafasi. Mahindi yanavunwa, viazi vinachimbwa, kila mtu yuko shambani tangu asubuhi. Hapo ndipo shule na nyumbani hupotezana, wakati ule ule ambapo wanahitaji sana kusikilizana.

Ndugu msomaji, leo tunataka tuzungumze habari ya kupashana habari. Kuna jambo ambalo shule haiwezi kulijua mpaka wewe mzazi uliseme, nalo ni afya ya mtoto wako. Na kuna jambo ambalo wewe hutalijua mpaka uulize au uende ukaone kwa macho, nalo ni mahali anapolala mtoto huyo na namna anavyoota moto. Mambo hayo mawili yakinyamaziwa wakati wa baridi, mtoto anaweza kufa. Hatutii chumvi. Tutaeleza ni kwa namna gani.

Kwa nini kunakuwa na baridi kali hivi?

Mwezi wa Juni jua huwa limeenda upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni au karibu na hapo ndipo linapokuwa mbali kabisa na sisi tulio kusini ya Ikweta. Pepo nazo huvuma kutoka kusini, zikileta hewa ya baridi. Tena usiku wa kipupwe mara nyingi hauna mawingu. Mawingu ni kama blanketi la ardhi. Yasipokuwapo, joto lote la mchana hupanda juu na kupotea. Ndiyo maana asubuhi katika mabonde ya Makete na kule uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500, watu hukuta sakitu, yaani ile barafu nyembamba nyeupe inayounguza majani ya viazi.

Jambo la tatu ni mwinuko wa nchi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Kyela au Manda, uko kiasi cha mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko kiasi cha mita 1,900. Tofauti ni mita 1,400. Basi mtoto aliyezaliwa Manda, aliyezoea kulala na shuka moja, akipelekwa Njombe anakuta joto limepungua kwa nyuzi 8 hivi, na hiyo ni kabla hatujahesabu kipupwe chenyewe. Mtoto wa Lindi au wa Dar es Salaam aliyepangiwa kidato cha 5 Makete ndiyo basi tena. Huanza shule Julai, baridi ikiwa kileleni, na mara nyingi mkononi ana sweta moja jembamba alilonunuliwa stendi siku ya safari.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka mwelekeo wa kipupwe, yaani baridi itakuwa ya kiasi gani na katika mikoa ipi. Redio husoma. Tukisikia mikoa yetu inatajwa, tusiseme tu "baridi tumeizoea." Sisi tumeizoea, wageni wetu hawakuizoea.

Barua ya shule isomwe na mwenye barua

Zamani barua ikija kutoka shuleni ilichomekwa kwenye paa mpaka apatikane wa kuisoma. Na msomaji mwenyewe mara nyingi alikuwa ni yule yule mtoto anayezungumzwa. Mnajua mambo yalivyokuwa. Barua ikisema mzazi afike shuleni kwa sababu mtoto ni mtoro, mtoto alisoma, "Wanasema mnasalimiwa sana." Barua ikisema mchango ni shilingi 10,000, ilisomwa 15,000. Wazee walitingisha kichwa wakatoa.

Leo wewe unasoma mwenyewe. Basi barua ya shule isome yote, usiishie pale penye fedha. Hapo tuseme ukweli: baadhi ya shule zimejitakia wenyewe. Huandika zinapotaka mchango tu, kwa hiyo mzazi akiona bahasha ya shule hushika mfuko kwanza. Shule ikiandika pia kwamba kuna mafua bwenini, kwamba saa za kuoga zimebadilishwa kwa ajili ya baridi, kwamba kikao cha wazazi ni Jumamosi fulani, wazazi watazoea kusoma mpaka mwisho.

Mtoto anayeingia kidato cha 1 au cha 5 hupewa karatasi za maelekezo ya kujiunga na shule. Ndani yake kuna orodha ya vitu: shuka, blanketi, sweta, viatu, madaftari. Lakini ndani yake kuna pia fomu ya afya, inayojazwa na mganga baada ya kumpima mtoto. Fomu hiyo wazazi wengi huiona kama usumbufu. Mwingine humwomba mtu anayefahamiana naye aijaze bila mtoto kupimwa. Fomu inaandikwa "mzima," inapigwa mhuri, mtoto anaondoka. Tunasema hiyo ni hatari, na sasa tutaeleza kwa mfano wa ugonjwa mmoja.

Mtoto mwenye selimundu asifichwe

Selimundu ni neno lililoundwa kwa maneno mawili, seli na mundu. Seli ni chembechembe ndogo sana za mwili. Katika damu ya mtu asiye na ugonjwa huu, chembe nyekundu ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa midogo bila taabu. Kwa mwenye selimundu baadhi ya chembe hujikunja zikawa kama mundu wa kukatia majani. Chembe zilizojikunja ni ngumu, hunasana, huziba mishipa midogo. Hapo damu haipiti, na mahali pale panauma vibaya sana: mifupa ya miguu, mikono, mgongo, kifua.

Ugonjwa huu mtoto anazaliwa nao. Ameurithi kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe hawaumwi. Haurogwi wala hauambukizwi.

Sasa baridi inaingiaje hapa? Mwili ukipata baridi, mishipa ya damu hujibana ili joto lisipotee. Kwa mtu mwingine hakuna neno. Kwa mwenye selimundu, mishipa ikijibana na chembe zake ni kama mundu, huziba upesi. Tena wakati wa baridi watu hawanywi maji ya kutosha, kiu haiwashiki. Damu ikipungukiwa maji, kuziba huzidi. Kwa hiyo mtoto aliyekaa vizuri miaka mingi kule Kyela penye joto, anaweza kupata maumivu makali wiki ya kwanza tu anapofika bweni la Makete.

Mfikirie mtoto huyo shuleni ambako hakuna anayejua. Saa 11 alfajiri kengele inalia, kila mtu aoge maji ya baridi. Yeye anaoga. Saa 12 ni usafi wa mazingira, anafyeka majani yenye umande, miguu imelowa. Saa 4 miguu inaanza kuuma. Anamwambia mwalimu wa zamu, mwalimu anaona huyu mvivu, kila mara mguu. Anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi, maana wagonjwa wa selimundu hukojoa sana, anaambiwa anasumbua darasa. Mwalimu huyo si mtu mbaya. Hakuambiwa. Fomu ilisema "mzima."

Mzazi huficha kwa nini? Wengine huogopa mtoto atanyimwa nafasi. Wengine huogopa atachekwa na wenzake, hasa msichana. Hofu hiyo tunaielewa, lakini dawa yake si kunyamaza. Andika barua kwa Mkuu wa Shule, ifunge ndani ya bahasha, omba habari hiyo wajue wanaohusika tu: mwalimu wa darasa, matroni au patroni, na mwalimu anayeshughulika na afya. Mwisho wa makala hii tumeweka mfano wa barua.

Shule nayo ikijua, haihitaji fedha nyingi kumsaidia. Aoge maji ya vuguvugu, au aoge mchana jua likiwa limewaka. Apewe kazi isiyomlowesha. Awe na chupa ya maji darasani na aruhusiwe kwenda chooni. Asikose dawa zake za kila siku. Na apelekwe hospitali mara moja akipata homa, au kifua kikamuuma, au akahema kwa taabu, au akapauka sana, au upande mmoja wa mwili ukalegea. Mambo hayo hayasubiri kesho.

Habari ni hiyo hiyo kwa mtoto mwenye pumu. Hewa ya baridi na moshi wa jikoni vyote huweza kumwamsha mdudu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu naye mchana na usiku. Isifungiwe kwenye sanduku la bwenini wakati yeye yuko darasani.

Jiko la mkaa ndani ya chumba

Sasa tuje kwa jambo ambalo tunaomba kila mzazi mwenye mtoto wa geto alisome mara mbili.

Shule nyingi za sekondari za kata hazina mabweni ya kutosha. Mtoto anayetoka kijiji cha mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, wenyewe huita geto. Wanakaa wawili au watatu. Wanapika wenyewe, wanafua wenyewe. Wikiendi wengine huja nyumbani kuchukua unga na maharage. Humo getoni hakuna matroni. Mkubwa kabisa ana miaka 17.

Usiku wa Julai chumba kinakuwa baridi kama mtungi. Vijana wamepika ugali nje, wamekula, jiko bado lina makaa mekundu. Mmoja anasema, "Tuliingize ndani lituchemshe, halina moshi tena." Wanafunga mlango, wanaziba dirisha kwa gunia, wanasoma kidogo, wanalala. Asubuhi hawaamki.

Kilichowaua ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Wakati kitu kinapoungua na hewa safi haitoshi, hewa hiyo hutoka. Mkaa huitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikereketi koo. Watu wengi hudhani hatari ni moshi, kwa hiyo moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu hujiona wamesalimika. Kumbe hapo ndipo pabaya, maana moshi ulikuwa unakukohoza na kukukimbiza nje. Sasa hakuna cha kukukimbiza.

Tueleze inavyoua. Damu yetu hubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima, kama gari linavyobeba abiria. Hewa hii ya sumu ikiingia mapafuni hukaa kwenye viti vya abiria. Tena damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika hewa safi. Gari limejaa, hewa safi haina pa kukaa. Ubongo na moyo hukosa hewa wakati mtu anaendelea kuvuta pumzi kama kawaida. Aliyelala hasikii chochote. Anapitiliza katika usingizi.

Aliye macho huweza kuona dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchanganyikiwa. Watu wawili au watatu walio katika chumba kimoja chenye jiko wakiumwa kichwa wakati mmoja, hiyo si malaria. Watoke nje saa ile ile.

Kuna maneno tunayoyasikia vijijini ambayo si ya kweli, na tuyaseme wazi. Wengine husema ukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yatanyonya sumu. Si kweli. Wengine husema ukiacha dirisha wazi kidogo hakuna neno. Upenyo mdogo hauaminiki, na kijana akisikia baridi usiku huuziba. Wengine hufunika makaa kwa majivu wakidhani yamezimika. Makaa yaliyo chini ya majivu bado ni moto, na bado yanatoa sumu. Na wapo wanaosema aliyepatwa na sumu hii anyweshwe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyo ndani ya damu, na mtu aliyezimia akinyweshwa kitu chochote kinaweza kuingia mapafuni kikamnyonga.

La kufanya ni hili. Ukiwakuta watu wamelala na jiko liko ndani na hawaamki, fungua mlango na madirisha yote, watoe nje kwenye hewa, wewe mwenyewe usikae humo. Piga kelele majirani waje. Wapelekwe hospitali haraka, hata kama wamezinduka na wanasema hawajambo. Mwambie mganga kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani ya chumba. Asipoambiwa anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. Dawa yake ni hewa safi ya oksijeni ambayo hospitali inayo.

Basi jiko libaki nje. Liwe nje mpaka makaa yazimike kabisa kwa maji au kwa mchanga. Mwenye nyumba anayepangisha wanafunzi anaweza kuweka sharti hilo siku ya kwanza kabla hajapokea kodi, na akapita jioni kuchungulia. Tunajua wenye nyumba wengi hupita haraka sana siku ya kodi. Wapite na siku nyingine.

Lakini kumkataza mtoto jiko bila kumpa njia nyingine ya kupata joto ni kazi bure. Usiku wa manane atalikumbuka tu. Kwa hiyo mzazi, kabla ya mambo mengine, nenda ukaone geto la mwanao. Lala humo usiku mmoja ukiweza. Utajua mwenyewe upepo unaingilia wapi.

Baridi nyingi hutoka chini. Godoro jembamba juu ya sakafu ya saruji ni kama kulala kwenye jiwe. Tandika maboksi au mkeka mnene chini ya godoro, utaona tofauti kubwa. Nguo mbili nyembamba zilizovaliwa pamoja hupasha joto kuliko nguo moja nene, maana kati yake kuna hewa iliyokamatwa. Soksi na kofia ya sufu wakati wa kulala si ushamba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, hukaa na joto muda mrefu. Ila maji yasiwe ya kuchemka na kifuniko kikazwe. Na mtoto asilale njaa. Uji wa moto wa jioni ni kuni za mwili.

Sweta na blanketi si lazima viwe vipya. Mnadani mitumba mizuri ipo, na miezi hii ya mavuno ndiyo familia nyingi zina senti kidogo za mahindi na viazi. Blanketi linunuliwe kabla fedha hazijapata kazi nyingine. Sisi wanaume tunajua kazi nyingine hizo ni zipi, hasa pombe ikiwa nyingi.

Mafua, kifua na upele

Baridi yenyewe haizai mafua wala homa ya mapafu. Vinavyoleta magonjwa hayo ni vijidudu. Lakini wakati wa baridi watu hujifungia, madirisha hufungwa usiku na mchana, watoto 40 hupumua hewa moja, na mmoja akikohoa wote wanagawana. Ndiyo maana bweni lifunguliwe madirisha mchana, jua liingie, na magodoro yatolewe nje. Mwenye kukohoa azibe mdomo kwa kiwiko, si kwa kiganja anachoshikia kijiko cha mwenzake.

Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mtoto apelekwe kwenye matibabu akiwa na homa kali, akihema haraka au kwa taabu, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, au akikohoa damu. Shingo ikikakamaa na kichwa kinauma sana pamoja na homa, huenda ni homa ya uti wa mgongo, akimbizwe hospitali usiku huo huo. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Kupimwa na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Upele nao ni mgeni wa kipupwe. Watoto wanakwepa kuoga, wanabanana kitanda kimoja, wanaazimana masweta. Ukiona mwanao anajikuna usiku katikati ya vidole na kiunoni, atibiwe yeye na wote anaolala nao, siku moja, na nguo zao zifuliwe kwa maji ya moto. Akitibiwa peke yake atarudishiwa.

Bwenini, ufunguo anao nani?

Mwezi wa Juni 1994 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, liliungua usiku. Wasichana wapatao 40 walikufa. Septemba 2020 bweni la shule moja ya msingi huko Kyerwa, mkoa wa Kagera, liliungua, watoto 10 wakafa. Hayo ni makaburi yetu wenyewe, si habari za nchi za mbali.

Wakati wa baridi hatari huzidi. Umeme ukikatika, mishumaa huwashwa karibu na vyandarua na mablanketi. Madirisha yamefungwa, pengine yana nondo. Mlango umefungwa kwa kufuli kwa nje ili wanafunzi wasitoroke. Basi shule ikiita kikao cha wazazi, usiende kusikiliza tu habari za mchango na chakula. Nyoosha mkono, uliza: Usiku ufunguo wa bweni anao nani, naye analala wapi? Kuna mlango wa pili? Mtoto anaweza kutoka dirishani? Vijana wamewahi kufundishwa namna ya kutoka gizani? Ndoo za mchanga ziko wapi? Maswali hayo si utovu wa adabu. Mkuu wa Shule mwema atafurahi kuulizwa mbele ya bodi, kwa maana atapata watu wa kumsaidia kudai mlango wa pili. Simu ya Zimamoto ni 114, ila kwa shule zilizo mbali na mji msaada wa kwanza ni watu walio pale pale.

Kwa wanaotembea kwenda shule alfajiri kwenye ukungu, neno moja tu: watembee upande wa kulia wa barabara ili waione gari inayowajia, na wa mbele na wa nyuma wavae kitu cheupe. Dereva wa lori la mbao hawezi kuona sweta la bluu ndani ya ukungu.

Namba ya simu uliyoandika mwaka juzi

Siku hizi shule nyingi hutuma ujumbe kwa simu. Ni jambo zuri, hata kiswaswadu kinapokea. Lakini namba ambayo shule inayo ni ile uliyoandika mtoto alipoanza. Tangu hapo laini imepotea, umenunua nyingine, hukusema. Usiku mtoto anaugua, mwalimu anapiga, simu haipatikani. Wengine huandika namba ya mjomba aliyeko mjini kwa sababu ndiye mwenye simu nzuri. Mjomba hajui kama mtoto ana pumu.

Ipe shule namba mbili: yako, na ya jirani au ya mtendaji wa kijiji ambaye hakosi kupatikana. Ukibadilisha laini, iambie shule wiki hiyo hiyo. Na shule isisubiri siku ya tatu kumwambia mzazi kwamba mtoto amelazwa, eti wasimtie hofu. Mzazi ana haki ya kupata hofu mapema.

Huu hapa mfano wa barua. Weka maneno yako penye nukta.

Kijiji cha ..................
S.L.P. ..................
Tarehe ..................

Kwa Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ..................

Yah: AFYA YA MTOTO WANGU WAKATI WA BARIDI

Ndugu Mkuu wa Shule,

Mimi ni mzazi wa .................. aliye kidato cha ........... Mtoto huyu ana ugonjwa wa .................. tangu akiwa na umri wa miaka ........... Anatibiwa katika hospitali ya .................. na anatumia dawa ya .................. mara ........... kwa siku.

Baridi humzidishia ugonjwa. Naomba aoge maji ya vuguvugu, asifanye kazi ya kumlowesha asubuhi, na aruhusiwe kunywa maji na kutoka darasani anapohitaji. Akipata homa au maumivu ya kifua naomba apelekwe hospitali bila kuningoja, nami nijulishwe siku hiyo hiyo kwa simu namba .................. au .................. ya jirani yangu.

Naomba habari hii wajue walimu wanaohusika na matroni tu. Nitafika shuleni tarehe .................. kuonana nawe.

Wako katika kulijenga taifa,

(Sahihi) ..................
(Jina) ..................

Andika kwa mkono wako mwenyewe, hata kama herufi hazijanyooka. Iandike mara mbili. Moja ipeleke wewe mwenyewe au mtu mzima unayemwamini, usimpe mtoto, maana mtoto anayeona haya huweza kuichana njiani. Ya pili iweke nyumbani katika daftari lako, na chini yake uandike jina la mwalimu aliyeipokea na tarehe.